Nguo ya Kuazima: Ariane 501 na Kipande Kilichoachwa Nje ya Mwigo

Asubuhi ya tarehe 4 Juni 1996, watu waliokusanyika Kourou, Guyana ya Kifaransa, walingojeshwa. Roketi mpya ya Ulaya, Ariane 5, ilikuwa imesimama kwenye jukwaa lake tayari kuruka kwa mara ya kwanza, lakini zikiwa zimebaki dakika 7 hesabu ikasimamishwa. Anga haikuwa wazi kwa kiwango kilichowekwa. Baada ya karibu saa nzima hali ikakubali. Saa 3 na dakika 33 asubuhi kwa saa za kule, alasiri huku kwetu, injini kuu ikawashwa.

Kwa sekunde 36 hivi kila kitu kilikwenda sawa. Halafu roketi ikapinda ghafla, hewa ikaipiga ubavuni, roketi za pembeni zikaanza kung'oka, na mfumo wa kujilipua ukafanya kazi yake. Ilikuwa imefika mita 3,700 hivi. Mlima Kenya una mita 5,199, kwa hivyo unaweza kujipimia mwenyewe kazi ya karibu miaka 10 ilipanda mpaka wapi. Mabaki yalimwagika kwenye eneo la kilomita za mraba 12 hivi, karibu lote mikoko na savana, na watu wakalazimika kuingia humo kuyatafuta. Roketi ilikuwa imebeba setilaiti 4 za mradi wa Cluster, za kuchunguza jinsi upepo wa jua unavyogongana na ngao ya sumaku ya dunia. Zote zikaenda.

Hadithi hii husimuliwa kwa sentensi moja. Mimi niliisikia kwenye somo la programu, muhula mmoja kabla sijaachana na chuo: mprogramu alisahau kukagua ukubwa wa namba, roketi ikalipuka, basi nanyi mkague namba zenu. Darasa likacheka, tukaenda slaidi nyingine. Sentensi hiyo si uongo. Lakini ukikaa na ripoti ya tume ya uchunguzi, iliyoongozwa na mwanahisabati Mfaransa Jacques-Louis Lions na kutolewa tarehe 19 Julai mwaka huohuo, unakutana na hadithi nyingine. Ni hadithi ya kipande kilichoazimwa kutoka roketi ya zamani, na ya mwigo mkubwa wa kompyuta uliojengwa ili kuona vipande vyote vikifanya kazi pamoja, isipokuwa hicho kimoja.

Wacha nianze na kipande chenyewe. Kila roketi inahitaji kujua iko wapi na inaelekea wapi. Kwenye Ariane kazi hiyo ilifanywa na mtambo ambao Wafaransa waliuita kwa kifupi SRI: ndani yake mna vifaa vinavyohisi mzunguko na mabadiliko ya kasi, pamoja na kompyuta ndogo ya kupiga hesabu. Majibu yake hupelekwa kwa kompyuta kuu, na kompyuta kuu ndiyo huamua midomo ya injini ielekezwe wapi. Kwa usalama iliwekwa mitambo miwili, mmoja ukifanya kazi na wa pili ukiwa macho kando, tayari kupokea usukani. Vifaa vilevile, programu ileile.

Ariane 4 ilianza kuruka mwaka 1988 na ikawa punda wa kazi wa Ulaya. Kwa hivyo wajenzi wa Ariane 5 walipofika kwenye SRI hawakuanza upya, walichukua ule wa Ariane 4 karibu vile ulivyokuwa. Na ni nani asingefanya hivyo? Ukienda Kirinyaga Road hapa Nairobi kutafuta kipuri, hakuna anayekutengenezea kipya. Unapewa kilichotoka kwenye gari lingine. "Hii imetoka kwa gari inatembea," utaambiwa, na hiyo ndiyo garanti yote. Fundi anayejua kazi yake atauliza swali moja zaidi: gari gani, na lilikuwa likibeba nini?

Ndoto ya kujenga kwa vipande vilivyo tayari ni ya zamani katika historia ya kompyuta, na imefungamana na uigaji tangu mwanzo. Mapema miaka ya 1960, kwenye kituo cha hesabu cha Norsk Regnesentral mjini Oslo, Kristen Nygaard na Ole-Johan Dahl walitaka lugha ya kuigia mifumo yenye foleni: wateja wanafika, wanangoja, wanahudumiwa, wanaondoka. Walichoka kuandika kila mwigo kutoka sifuri. Lugha yao, Simula, na hasa toleo la Simula 67, ilimpa mwandishi njia ya kueleza aina moja ya kitu mara moja tu kisha azalishe vingi vya namna hiyo na kuvipeleka kwenye mwigo mwingine. Njia hiyo leo iko kwenye lugha karibu zote ambazo vijana wa hapa wanajifunza kwenye kozi za mtandaoni. Kumbe ilizaliwa kutokana na kuiga foleni.

Mwaka 1968, kwenye mkutano wa Garmisch, Ujerumani Magharibi, Doug McIlroy alisimama akapendekeza kiwanda cha vipande vya programu, vyenye orodha kama ile ya vipuri vya umeme. Sehemu ambayo husahaulika kwenye pendekezo lake ni kwamba hakutaka kipande kimoja cha kila kazi. Alitaka familia nzima za vipande, mnunuzi achague kwa usahihi, kwa ukakamavu, kwa nafasi na muda ambao kipande kinakula. Yaani kipande kije na maelezo ya mipaka yake. Turudi Kourou tukiwa na hilo kichwani.

Ndani ya programu ya SRI mlikuwa na kazi ya kujilinganisha. Kabla ya kuruka, mtambo hujiweka sawa ili ujue wima ni upi na kaskazini ni wapi. Kwenye Ariane 5, roketi ikishaondoka ardhini hesabu hiyo haina maana tena. Lakini kwenye Ariane za awali iliachwa iendelee kwa sekunde 50 tangu SRI iingie katika hali ya kuruka, kwa sababu nzuri kabisa: ikiwa hesabu ya kurudi nyuma ingesimamishwa katika zile sekunde za mwisho, kujilinganisha upya kungechukua dakika 45 au zaidi, na nafasi ya kuruka siku hiyo ingeweza kupotea. Mpango huo ulisaidia mara moja tu, mwaka 1989, kwenye safari namba 33.

Ariane 5 ilijiandaa kwa mpangilio tofauti. Haikuihitaji kazi hiyo baada ya kuruka. Iliachwa humo kwa hoja kwamba programu ilikuwa ikifanya kazi vizuri kwenye Ariane 4, na si busara kuchokora kitu kinachofanya kazi pasipo sababu. Hoja hiyo naielewa, na nadhani nusu ya programu tunazotumia kila siku zinaishi juu yake.

Sasa namba. Kazi ya kujilinganisha ilitumia kiasi kilichoitwa BH, kinachohusiana na kasi ya mlalo, kilichohifadhiwa kwenye nafasi ya biti 64 pamoja na desimali zake. Mahali fulani kiligeuzwa kuwa namba kamili ya biti 16, ambayo mwisho wake ni 32,767. Ni kama kumwaga pipa kwenye kikombe: maji yakiwa kidogo hutaona shida yoyote. Na walioandika programu walilijua jambo hili. Walitambua kiasi 7 vilivyo na hatari hiyo, wakavikinga 4. Kompyuta ya SRI ilikuwa imewekewa sharti la kutovuka asilimia 80 ya uwezo wake, na kila kinga inakula uwezo, kwa hivyo 3 waliviacha wazi. Kuhusu hivyo 3 walikuwa na sababu: ama fizikia ingevizuia kufurika, ama kulikuwa na nafasi tele. BH kilikuwa kimojawapo. Na kwa Ariane 4, walikuwa sahihi.

Ndio maana mimi nashindwa kumbebesha mprogramu mzigo huu. Uamuzi ule ulifanywa kwa pamoja na washirika wa mradi, kwenye ngazi kadhaa za mikataba. Shida ni mahali ulipoandikwa. Tume ilitafuta sababu za uamuzi huo ndani ya programu yenyewe, haikuzikuta. Zilikuwa zimezama kwenye lundo la hati, bila mtu yeyote kukusudia kuzificha. Kipande kikahama nyumba, masharti yake yakabaki kwa mwenyewe wa kwanza. Waswahili walishasema nguo ya kuazima haisitiri matako, lakini wao walikuwa wakizungumzia nguo ambayo angalau unaiona inapokubana.

Ariane 5 hupanda kwa njia nyingine. Mwanzoni mwa safari kasi yake ya mlalo hukua mara 5 kuliko ya Ariane 4. Sekunde 36.7 baada ya injini kuu kuwashwa, ugeuzaji wa BH ulifurika kwenye SRI ya akiba. Programu ilikuwa imeagizwa kwamba hitilafu ya namna hiyo ikitokea, itoe taarifa na kuzima kompyuta, kwa maana wabunifu walichukulia kuwa hitilafu ni kifaa kimeharibika, na kifaa kikiharibika mwenzake yupo. Ikazima. Kabla ya sehemu moja ya kumi ya sekunde kwisha, SRI iliyokuwa kazini nayo ikazima kwa sababu ileile. Kompyuta kuu ikataka kuhamia ya akiba, haikuwapo. Ilichopata kutoka kwa SRI ni taarifa ya hitilafu, mfuatano wa biti wa kusomwa na mafundi, nayo ikausoma kama hali halisi ya safari. Ikaamini roketi imepinda vibaya. Ikageuza midomo ya injini mpaka mwisho ili kurekebisha kosa ambalo halikuwepo, na pembe kati ya roketi na hewa ikapita digrii 20.

Hebu fikiria hilo kidogo. Kazi iliyoiua roketi haikuwa na kazi.

Lakini swali linaloniweka macho ni jingine: kwani hawakuijaribu? Waliijaribu, tena sana. Huko Les Mureaux, karibu na Paris, kulikuwa na kituo cha uigaji kilichojengwa kwa ajili hiyo: unaunganisha kompyuta kuu, unaipa programu halisi ya safari, halafu unaizungushia modeli za kila kitu kingine, injini, upepo, uzito unaopungua kadiri mafuta yanavyoungua. Kompyuta inatoa amri, modeli inajibu, jibu linarudi kwa kompyuta. Safari nzima inarushwa ardhini, mara nyingi unavyotaka, bila kuchoma lita moja.

Mwanzoni mpango ulikuwa SRI halisi iingie kwenye mzunguko huo. Walitambua umuhimu wake. Mwaka 1992 uamuzi ukabadilishwa: badala ya mtambo wenyewe itumike modeli yake, vipande vya programu vilivyotengenezwa maalumu kuigiza majibu ya SRI. Mtambo wenyewe uliletwa tu kwa majaribio ya nyaya na mawasiliano, kuona kama vinazungumza lugha moja.

Sababu zilizotolewa hazikuwa za kijinga, na nafikiri hapo ndipo hadithi inapokuwa na uzito. Kwanza, SRI ilikuwa imeshakaguliwa peke yake na kupita. Pili, vifaa vya kuizalishia ishara bandia pale kituoni visingefikia usahihi ambao programu ya kompyuta kuu ilihitaji. Tatu, SRI ilipiga hesabu kila milisekunde 1, huku mwigo ukienda kwa hatua za milisekunde 6, na kuziunganisha saa mbili zisizolingana ni kazi ya kuumiza kichwa. Mtu yeyote aliyewahi kujaribu kuunganisha modeli mbili zilizoandikwa na watu tofauti anajua maumivu hayo. Nne, na hii ndiyo inaniumiza: walitaka kuiga hali za SRI kuharibika, na kitu halisi huwezi kukiharibu kwa amri. Modeli unaweza.

Kwa hivyo modeli ilichaguliwa, pamoja na mengine, kwa sababu ingeweza kufeli ikitakiwa. Ila ingefeli kwa njia ambazo mtu alikuwa ameshaziwaza tu. Modeli ya SRI ilijua SRI inatakiwa kutoa nini, haikujua kikombe cha biti 16 kiko wapi. Humo ndani hakukuwa na BH ya kufurika. Unaweza kuirusha Ariane 5 mara elfu moja kwenye mwigo huo na itafika kila mara, ikiongozwa na mtambo mpole ambao hauko popote duniani.

Tume ilikubali kwamba hoja hizo zilikuwa na msingi wa kiufundi. Halafu ikasema jambo ambalo naona ndilo kiini cha ripoti yote: mwigo wa mfumo mzima hauko pale kuhakikisha tu kwamba vipande vinaunganika, uko pale kuthibitisha mfumo wenyewe kwa kazi hii mahususi, na ilikuwa hatari kudhani kwamba kifaa muhimu kama SRI kimethibitishwa kwa kukaguliwa peke yake au kwa kutumika kwenye Ariane 4. Iliongeza kuwa ingewezekana kiufundi kuingiza karibu SRI nzima kwenye mwigo.

Na hata kule SRI ilikokaguliwa peke yake, waraka wa masharti haukuwa na data za njia ya Ariane 5. Washirika walikuwa wamekubaliana hivyo. Mtambo ukajaribiwa kwa safari ya roketi nyingine. Unaona jinsi pengo lilivyojijenga? Aliyekuwa na kipande halisi hakuwa na njia halisi, na aliyekuwa na njia halisi hakuwa na kipande halisi. Kila upande ulifanya kazi yake ukijua mwenzake ameshughulikia ile nyingine.

Baada ya ajali wachunguzi walichukua programu ya SRI, wakaiweka kwenye kompyuta iliyozungukwa na mazingira ya kuigwa, wakaipa data za njia iliyopitwa na 501 yenyewe. Mlolongo wote ukajirudia kwa uaminifu mpaka SRI zikazimika. Iliwezekana, basi. Tena bila mtambo wa ajabu wowote.

Mapema mwaka 1997 Jean-Marc Jézéquel na Bertrand Meyer walichapisha makala wakisema hili lilikuwa kosa la kutumia kipande tena bila mkataba: kama sharti kwamba BH lazima kitoshe biti 16 lingeandikwa ndani ya kipande, anayekiazima angelazimika kuliona. Meyer alikuwa na lugha yake ya programu, Eiffel, iliyojengwa juu ya wazo hilohilo, kwa hivyo watu wakamkazia macho kidogo. Gérard Le Lann, mtafiti Mfaransa, yeye akashikilia kwamba lawama ziko kwenye uhandisi wa mfumo mzima, programu wala si mshtakiwa mkuu. Mimi niko karibu zaidi na Le Lann. Sharti lililoandikwa linasaidia, lakini lazima mtu alikutanishe na njia ya Ariane 5, na mahali pa kuyakutanisha hayo mawili palikuwa Les Mureaux.

Ulaya ilitengeneza upya. Kujilinganisha kukazimwa baada ya roketi kuruka, vifaa halisi vikatakiwa kuingia kwenye majaribio ya mfumo mzima. Setilaiti za Cluster zilijengwa tena, ya kwanza kutokana na vipuri vilivyobaki, wakaiita Phoenix. Kuna kuazima na kuazima. Zote 4 ziliruka mwaka 2000 kutoka Baikonur kwa roketi za Soyuz. Ariane 5 nayo ikawa mwaminifu kuliko watu walivyotarajia mwaka 1996. Tarehe 25 Desemba 2021 ilibeba darubini ya James Webb, na ishara ya darubini hiyo baada ya kuachana na roketi ilinaswa na antena ya Malindi, wakati wengi wetu tukila pilau ya Krismasi bila habari. Safari ya mwisho, ya 117, ilikuwa Julai 2023.

Siku hizi vipande vya modeli vina soko rasmi. Mwaka 2010, kutokana na mradi ulioanzishwa na Daimler, lilitolewa toleo la kwanza la kiwango kiitwacho FMI. Kampuni moja inatengeneza modeli ya breki, nyingine ya injini, ya tatu ya betri. Kila moja inafungwa kwenye faili moja la zip lenye hesabu zilizokwisha kukusanywa ndani, ambazo mnunuzi si lazima azione, pamoja na hati ya XML inayoeleza kipande kinapokea nini na kinatoa nini. Mtengenezaji wa gari anaviunganisha vyote kwenye mwigo mmoja, na programu kiongozi inaamua nani apige hatua lini, ikiwemo lile tatizo la saa ya milisekunde 1 na saa ya milisekunde 6. Toleo la 3.0 lilitoka mwaka 2022.

Nimefungua hati kadhaa za XML za mifano inayotolewa bure, nikitafuta kitu kimoja. Kwa kila namba kuna nafasi ya kuandika kipimo chake, na nafasi nyingine mbili, kiwango cha chini na kiwango cha juu ambavyo kipande kimekusudiwa. Pale ndipo mtu angeandika 32,767. Kwa mujibu wa kiwango chenyewe, kuzijaza nafasi hizo ni hiari, na katika mifano niliyofungua mimi, nyingi zilikuwa tupu.